Binamu anatuma uongo kwenye grupu la familia, na mtoto wa kaka yangu anasoma kila neno

*"Kwenye grupu letu la WhatsApp la familia tuko watu 43. Binamu yangu mmoja, mkubwa kwangu kiumri, kila wiki hatuachi bila kitu kuhusu mashoga na watu waliobadili jinsia. Mara video kwamba wanalipwa kuwaingiza watoto, mara kwamba Shirika la Afya Duniani limesema ni ugonjwa wa akili. Juzi ametuma sauti ya mtu asiyejulikana anayetaka watu hao watajwe majina na mahali wanapoishi 'ili wasafishwe'. Niliwahi kumjibu kwa ujumbe mrefu wenye linki saba. Nikaambiwa nimenunuliwa, na mwingine akauliza kama na mimi ni mmoja wao. Tangu hapo nimenyamaza. Lakini mtoto wa kaka yangu, ana miaka 19, aliniambia mimi peke yangu kwamba ni transi, yaani hajioni katika jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa. Yumo kwenye grupu hilo. Hachangii kitu, ila najua anasoma. Na nimesikia kwamba ukimsahihisha mwongo ndiyo unamkomaza. Nikijibu nachochea, nikinyamaza nimekubali. Nifanye nini?"*

Dada, umeuliza swali moja lakini ndani yake kuna matatu, na nadhani ndiyo maana limekukaba hivyo. Kuna uongo unaohitaji kusahihishwa. Kuna mwito wa kudhuru watu, ambao dawa yake si kusahihishwa. Na kuna kijana mmoja anayesoma yote kimyakimya, akipima ni nani katika ukoo wake angemfungulia mlango siku akifukuzwa. Nitaanza na huyo kijana. Wengi wanaoniletea maswali ya namna hii huanza na mabishano, na wakimfikia anayeumizwa wanakuwa wameshachoka.

Kabla hujaandika neno lolote kule kwenye grupu, mwandikie yeye pembeni. Haihitaji kuwa hotuba: "Nimeiona ile video. Ni uongo, na nilikuwa nakuwaza. Ungependa niseme kitu kule, au unaona heri ninyamaze kwa sasa?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Ukilipuka kumtetea mtu ambaye hajajitambulisha, macho ya watu huanza kutafuta unamtetea nani, na katika grupu la watu 43 vijana wa kukisiwa si wengi. Kwa hiyo maneno kama "hamjui mnamuumiza nani humu ndani" yaepuke kabisa, hata kama yanakuchoma rohoni. Yanasikika kama utetezi, lakini kwake ni kidole kinachoelekezwa. Kiswahili kimekufanyia hisani hapa: "yeye" yetu haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke, hivyo unaweza kusimulia habari za mtu bila kumfichua. Kinachofichua ni umri, chuo, kazi, mji. Hivyo usivitaje.

Sasa hilo ulilosikia, kwamba kumsahihisha mwongo kunamkomaza. Halikutoka hewani. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Brendan Nyhan na Jason Reifler, waliandika kwamba baadhi ya watu walipoonyeshwa usahihisho walizidi kushikilia kosa lao. Habari ikaenea, na ikageuka kisingizio cha kunyamaza. Baadaye Thomas Wood na Ethan Porter wakalijaribu jambo hilo kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, wakachapisha matokeo mwaka 2019: kwa jumla watu wakipewa taarifa sahihi husogea upande wa taarifa hiyo, hata pale inapopingana na siasa zao. Nyhan mwenyewe ameshakubali kwamba athari ile ya kukomaa ni adimu kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo ondoa hofu hiyo. Usahihisho unasaidia. Shida yake ni kwamba husahauliwa upesi, na namna ulivyotolewa huamua kama utasomwa.

Ujumbe wako wa linki saba haukushindwa kwa sababu ukweli hauna nguvu. Ulishindwa kwa sababu hakuna aliyeufungua. Linki saba ni kazi ya nyumbani, na anayezipokea mbele ya ndugu zake anaziona kama fimbo. Pia ulimwandikia binamu, na binamu ndiye mtu mgumu kuliko wote 43. Waandikie wale wengine. Ukimtoa yeye, wewe na kijana wako, wanabaki watu 40, na wengi wao hawana msimamo mkali wowote. Wanapitisha jicho tu, basi.

Na hao wapitisha jicho ndio walio hatarini zaidi. Mwaka 1977 Lynn Hasher na wenzake waliwapa wanafunzi kauli za kupima kama ni kweli au si kweli, mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Kauli zilizorudiwa zilianza kuonekana za kweli zaidi, iwe ni za kweli au za uongo. Hakukuwa na ushahidi mpya wowote, ni kuzoeleka tu. Akili hupenda kinachopita bila kukwama, na kilichosikika mara nyingi hupita bila kukwama. Mwaka 2015 Lisa Fazio na wenzake wakaonyesha jambo linalonisumbua hadi leo: hata mtu anayelijua jibu sahihi huathiriwa na marudio. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwa na kitufe cha kusambaza. Utafiti wa Chuo cha MIT uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter tangu 2006 hadi 2017, ukakuta za uongo zilienda mbali zaidi na kwa kasi zaidi, na waliozisukuma walikuwa binadamu hasa, si programu. Watu husambaza kinachoshtua na kinachochukiza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "mpuuze tu". Kila wiki bila neno moja la kupinga ni marudio mengine.

Sasa tutazame alichotuma. Vitu hivyo vitatu havifanani.

Anza na ugonjwa wa akili. Hapa jua unapambana na kitu ambacho *kiliwahi* kuandikwa, na ndiyo sababu kina nguvu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa hadi tarehe 17 Mei 1990, lilipoyaondoa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa kimefanya hivyo tangu 1973. Kuhusu watu transi, orodha mpya ya Shirika, ya 11, ilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Ndani yake hali yao imeondolewa kwenye sura ya maradhi ya akili na kuwekwa chini ya afya ya kijinsia, ili wanaohitaji huduma waendelee kuipata bila kuitwa wagonjwa wa akili. Kwa hiyo anayesema "Shirika limesema ni ugonjwa" anasoma gazeti la zamani. Huo ni upotoshaji mwepesi kujibu, kwa sababu unaweza kuwa mpole: "Ilikuwa hivyo zamani, ikabadilishwa 1990, na kwa watu transi 2019." Mtu hapotezi heshima kwa kukubali kwamba jambo limebadilika.

Video ya watoto ni ngumu zaidi, na hapo nitakaa kidogo.

Madai kwamba watu kwia (wapenzi wa jinsia moja, transi na wenzao) wanawaingiza watoto yana umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1977, katika kaunti ya Dade huko Florida, mwimbaji Anita Bryant aliongoza kampeni ya kufuta sheria iliyowalinda wapenzi wa jinsia moja dhidi ya ubaguzi. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kwa kuwa hawazai, lazima waajiri watoto wa wengine. Alishinda kura. Na mtindo wenyewe ni wa kale zaidi ya hapo: Ulaya, tangu karne ya 12, Wayahudi walizushiwa kwamba wanaua watoto wa Kikristo, na watu wakachinjwa kwa uzushi huo. Ukitaka jamii ifikirie kwa hasira badala ya akili, weka mtoto katikati. Hakuna mzazi anayengoja ushahidi akiambiwa mwanawe yuko hatarini, na aliyetengeneza video anajua hivyo vizuri.

Wengine hutunga mchana kweupe. Mwanzoni mwa 2017 watumiaji wa jukwaa la mtandaoni la 4chan walibuni "utambulisho" mpya wa watu wazima wanaodai ni watoto ndani na wanavutiwa na watoto. Wakautengenezea picha na mabango yenye sura ya harakati za kweli, kusudi ionekane kwamba jamii ya kwia imewakaribisha wabakaji wa watoto. Ulikuwa mzaha wa chuki uliopangwa, lakini wengine huusambaza baadaye kwa nia njema kabisa, wakidhani wanaonya. Binamu yako yawezekana ni mmoja wa hao. Mtunzi na msambazaji si mtu mmoja, na ukizungumza na msambazaji kana kwamba ndiye mtunzi, umempoteza.

Je, ushahidi unasemaje? Mwaka 1994 Carole Jenny na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za watoto walioonwa hospitalini kwa kudhalilishwa kingono. Katika kesi 269 ambazo mtu mzima aliyehusika alijulikana, wawili tu ndio walioweza kutambuliwa kuwa mashoga au wasagaji. Ni uchunguzi wa mahali pamoja na wa zamani, siuwasilishi kama neno la mwisho. Lakini unakubaliana na kile ambacho watu wa ulinzi wa watoto hukwambia kila siku: anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu ambaye familia inamjua na kumwamini. Na hapa kuna jambo unaloweza kulisema kwenye grupu bila kupoteza hata rafiki mmoja: ukweli kwamba hofu ikielekezwa kwa mgeni wa kufikirika, wa karibu hatazamwi.

Kuhusu video yenyewe, fanya ukaguzi mdogo kabla ya kujibu. Isimamishe pale mwanzoni, piga picha ya skrini, uitafute kwa Google Lens, programu ya kutafuta kwa kutumia picha. Mara nyingi utakuta video ina miaka mitano, imetoka bara lingine, na ilihusu jambo tofauti; maneno ya chini ndiyo yameongezwa jana. Izime sauti uitazame tena ujiulize: bila yule msimulizi, ningeona nini? Tazama pia kama juu ya ujumbe kuna mishale miwili, alama ya WhatsApp kwamba umesambazwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hausambazwi kwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati mmoja, na kampuni iliweka kikomo hicho kwa sababu ya uvumi.

Ukishapata, andika kifupi, na uanze na ukweli. Usianze na "Si kweli kwamba…", maana hapo umeurudia uongo kwanza, na umeshaona marudio yanavyofanya. Kitu kama hiki kinatosha: "Jamani, hii video ni ya 2019, ni igizo la ukumbini na si darasa. Aliyeiwekea maneno haya ametudanganya. Yenyewe nzima hii hapa." Linki moja, mistari mitatu, halafu unaendelea kuuliza habari za harusi au mgonjwa. Usibaki kupigana. Ukiambiwa umenunuliwa, jibu "natamani ningelipwa" kisha uache. Ukiulizwa kama na wewe ni mmoja wao, usikimbilie "hapana!" Ile "hapana" yenye mshtuko kijana wako ataisikia kama kofi. Sema tu: "Mimi nimeuliza habari ya video."

Hoja ya dini itakuja, haikosi. Ushauri wangu ni usiifungue. Mtu ana haki ya kuamini kwamba jambo fulani ni dhambi, na hutambadilisha kwa ujumbe. Ila imani haimruhusu kumsingizia mtu. Kushuhudia uongo hakuruhusiwi katika dini yoyote ninayoijua, na hapo unasimama naye mahali pamoja.

Neno moja kuhusu maneno. Umetumia "mashoga", na sikulaumu, ndilo linalojulikana. Lakini kumbuka "shoga" ni neno ambalo wanawake wameitana kwa upendo miaka nenda rudi kabla halijageuzwa jiwe la kurushiana. Mbele ya kijana wako, muulize anapenda kuitwa nani na vipi, ulitumie hilo.

Binamu mwenyewe mtafute faragha, na ikiwezekana kwa sauti. Ni mkubwa kwako, na kumsahihisha mkubwa hadharani kunamlazimisha ajitetee hata kama moyoni ameshakubali. Kaunti ileile ya Anita Bryant inanisaidia kueleza hili. Mwaka 2015 wapita nyumba kwa nyumba wa Miami walizungumza na wapiga kura kuhusu watu transi kwa takriban dakika kumi. Hawakutoa takwimu. Waliuliza mtu anaonaje, wakasikiliza bila kukunja uso, wakamwomba akumbuke siku aliyohukumiwa kwa kuwa tofauti, nao wakasimulia yao. David Broockman na Joshua Kalla walipima matokeo na kuyachapisha 2016: chuki ilipungua, na upungufu ulikuwepo bado miezi mitatu baadaye. Inafaa ujue kwamba watafiti hao walianza kwa kufichua kuwa utafiti maarufu wa kabla yao, kuhusu mazungumzo ya namna hiyo, ulikuwa na takwimu zisizoaminika, ukafutwa. Kwa hiyo hawa si watu wa kusifia kitu ovyo. Hata hivyo si kila mlango ulibadilika, na mazungumzo hayo hayafanyiki kwa haraka.

Kwa hiyo usimpigie binamu kumuuliza "kwa nini unaeneza chuki?" Muulize "kaka, hiki kitu kinakusumbua sana siku hizi, kimekugusa wapi?" Huenda ana mtoto anayemhofia. Huenda hana lolote, anapenda tu kuwa wa kwanza kuleta habari. Jibu ni tofauti kwa kila mmoja.

Sauti ile ya "wasafishwe" ni jambo jingine kabisa. Hapo usibishane na usihakiki, kwa sababu hakuna dai la kuhakiki. Ni mwito. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kifungu cha 20, unataka sheria ikataze uchochezi wa chuki unaopelekea ubaguzi, uhasama au ukatili. Ingawa kifungu kinataja utaifa, rangi na dini tu, vigezo sita ambavyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliviweka katika mpango wa Rabat mwaka 2012 ni mizani nzuri kwa chuki ya aina yoyote: hali ilivyo mahali hapo, nani anasema, nia yake, maneno yenyewe, yamefika kwa wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea karibuni. Tusi la mlevi asiyesikilizwa halilingani na mtu mwenye wafuasi anayetaja jina na mtaa. Kadiri ujumbe unavyokaribia jina, picha na mahali, ndivyo unavyoacha kuwa maoni.

Mwombe admini faragha auondoe, na umpe sababu ambayo hata asiyewapenda watu kwia ataielewa: likitokea jambo, grupu hili ndilo litakuwa ushahidi. Uripoti pia ndani ya WhatsApp. Kuhusu polisi, fikiri mara mbili. Zaidi ya nchi 60 bado zinafanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai, na mahali pa namna hiyo mlalamikaji anaweza kugeuzwa mshtakiwa. Zungumza kwanza na wakili au shirika la haki za binadamu unaloliamini, ana kwa ana, bila kutaja jina la kijana hadi yeye mwenyewe aridhie. Likitajwa jina lake au la mtu mwingine pamoja na mahali anapoishi, acha mambo ya grupu. Kazi ya siku hiyo ni kumpatia pa kulala.

Kuna usaidizi mwingine wa kutafuta ana kwa ana, nao ni wa kijana. Akianza kukosa usingizi, kujitenga, kugawa vitu vyake, au kusema kwamba watu wangepumzika asipokuwepo, usingoje. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Kaa naye, kisha mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili au hospitali usiku huohuo. Ila chagua mtaalamu. Wapo wanaoahidi "kumrudisha". Daktari Robert Spitzer, mmoja wa walioongoza mabadiliko yale ya 1973 katika chama cha madaktari wa akili cha Marekani, alichapisha mwaka 2003 utafiti uliodai kwamba baadhi ya watu hubadilika kwa tiba, na ukatumika kila mahali. Mwaka 2012 aliomba radhi, akakiri kwamba hakuwa na njia ya kujua kama waliohojiwa walimwambia kweli. Mtaalamu akikuambia kwamba lengo la kwanza ni kumbadilisha kijana, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Na kijana ana haki ya kutokuwemo. Mwonyeshe namna ya kulinyamazisha grupu na kulificha kwenye kumbukumbu, ili asionekane ametoka. Wewe ubaki humo kwa ajili yake, umwambie kikitokea cha maana. Huenda ndiyo nafuu kubwa utakayompa mwezi huu.

Ile sauti, ihifadhi leo: picha ya skrini yenye tarehe na namba, na faili lenyewe mahali pengine nje ya simu. Binamu akiifuta kesho itakuwa imepotea.